Padri Teilhard, Msomaji wa Mawe

1. Kipande cha chuma

Katika nchi ya Ufaransa kuna jimbo liitwalo Auvergne. Ni nchi ya vilima vingi, na zamani sana vilima hivyo vilikuwa milima ya moto, kama Nyiragongo ulio karibu na Goma. Lakini milima ya Auvergne imezimika tangu siku nyingi, na leo ng'ombe hula majani juu yake. Huko, katika nyumba iitwayo Sarcenat, karibu na mji wa Clermont-Ferrand, alizaliwa Pierre Teilhard de Chardin, tarehe 1 Mei 1881. Wazazi wake walipata watoto 11, na Pierre alikuwa wa nne.

Baba yake alikuwa mwenye mashamba, naye alipenda sana kutazama viumbe vya Mungu. Aliwafundisha watoto wake kukusanya wadudu, majani na mawe, na kuvijua kwa majina yake. Mama yake alikuwa mtu wa sala. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto katekisimu, akawazoeza kuuheshimu Moyo Mtakatifu wa Yesu. Basi, Pierre alirithi mambo mawili: kwa baba alijifunza kuipenda dunia, na kwa mama alijifunza kumpenda Mungu. Maisha yake yote alishika mambo hayo mawili pamoja, ingawa mara nyingi watu walimtaka achague moja na kuacha la pili.

Alipokuwa mtoto wa miaka sita au saba, Pierre alikuwa na siri. Aliokota kipande cha chuma, akakificha, na mara kwa mara alikwenda peke yake kukitazama. Alikipenda kwa sababu kilikuwa kizito na kigumu, akadhani hakuna kitu duniani kiwezacho kukiharibu. Siku moja akaona kutu juu yake. Chuma chake kilikuwa kinaliwa kidogo kidogo! Mtoto akajitupa chini akalia machozi ya uchungu. Tangu siku hiyo aliacha vyuma, akaanza kutafuta mawe, maana mawe hayashikwi na kutu.

2. Nyundo na msalaba

Pierre alisoma katika shule ya mapadri wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Mwaka 1899, akiwa bado hajatimiza miaka 18, aliingia katika shirika lao. Siku zile serikali ya Ufaransa iliwasumbua watawa, hata wengi wakalazimika kuondoka nchini. Pierre na wenzake wakahamia kisiwa cha Jersey, kilicho chini ya mfalme wa Uingereza. Huko aliendelea na masomo yake, na siku za mapumziko alitembea pwani na nyundo, akivunja mawe na kuyachungua.

Lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1902 kaka yake alikufa, na mwaka 1904 akafa dada yake mdogo. Kijana akaanza kujiuliza kama yafaa mtu aliyejitoa kwa Mungu kupoteza saa zake kwa ajili ya mawe. Akafikiri kuitupa nyundo yake na kushika sala peke yake. Kabla ya kufanya hivyo alikwenda kumwomba shauri padri aliyekuwa amewalea wanovisi. Padri huyo hakumruhusu kuitupa nyundo. Akamweleza kwamba Mungu anayependezwa na sala zake ndiye aliyempa akili ya kuchunguza mambo, na kwamba msalaba haudai mtu aue vipaji alivyopewa. Pierre akatii, akaendelea na vyote viwili.

Mwaka 1905 alitumwa Misri. Kwa miaka mitatu alifundisha fizikia na kemia katika shule ya Wajesuiti mjini Cairo. Wakati wa likizo alikwenda jangwani, na huko aliokota meno ya papa yaliyogeuka mawe. Meno ya papa jangwani, mahali pasipo na tone la maji! Jambo hili lilimwonyesha kwamba zamani bahari ilikuwa mahali pale, kisha ikaondoka. Dunia haikuwa hivi ilivyo leo tangu mwanzo; imebadilika.

Kutoka Misri alikwenda Uingereza kumaliza masomo ya teolojia, na tarehe 24 Agosti 1911 akapewa daraja la upadri.

3. Kitabu cha udongo

Watoto wa Kiambi wanaposhuka mtoni Luvua kuteka maji huweza kuona jambo ambalo Padri Teilhard alilisoma maisha yake yote. Maji ya masika yakiukata ukingo wa mto, udongo hubaki wazi kama ukuta. Katika ukuta ule huonekana matabaka: juu udongo mweusi, chini yake mchanga, chini tena changarawe, na chini kabisa mwamba. Tabaka la chini liliwekwa kwanza, na la juu liliwekwa mwisho. Ni kama shimo la takataka nyuma ya nyumba: maganda ya jana yako juu, na ya mwaka jana yako chini. Vile vile wachimbaji wa bati huko Manono hujua kwamba kila namna ya mwamba ina mahali pake na habari yake.

Katika matabaka hayo hupatikana mifupa ya wanyama, nayo imekaa ardhini siku nyingi hata ikawa mawe. Wataalamu waliichunguza wakaona neno la ajabu. Katika matabaka ya chini sana hakuna mifupa ya tembo wala ya mbuzi. Kuna viumbe vya baharini tu. Juu yao huonekana wanyama watambaao, halafu wanyama wanyonyeshao, na katika matabaka ya juu tu ndipo huonekana mtu. Tena, wanyama wa tabaka moja hufanana na wale wa tabaka la chini yake, lakini wamebadilika kidogo.

Mwaka 1859 Mwingereza mmoja, Charles Darwin, alitoa kitabu kueleza mabadiliko hayo. Alionyesha kwamba watoto wa kiumbe hawafanani wote. Mmoja ana miguu ya mbio zaidi, mwingine ana manyoya mazito. Anayefaa zaidi kwa mahali anapoishi hupona na kuzaa. Asiyefaa hufa mapema. Baada ya vizazi maelfu na maelfu, jamii nzima ya viumbe hugeuka. Mambo haya yaitwa mageuzi ya viumbe.

Watu wengi walifadhaika. Wengine walisema kwamba kama viumbe vimegeuka polepole, basi Mungu hayupo. Wengine wakasema kwamba kwa kuwa Mungu yupo, basi mifupa ile ni uongo. Tena wengine walidhani kwamba wataalamu wanasema mtu ni mtoto wa nyani huyu tumwonaye akiiba mahindi shambani. Sivyo. Nyani wa leo si babu wa mtu. Wataalamu husema kwamba mwili wa mtu na mwili wa nyani vina asili moja ya zamani mno, kama matawi mawili yaliyotoka katika shina moja.

Padri Teilhard alipokwisha kupewa upadri alitumwa Paris kujifunza mambo ya mifupa ya kale. Tangu mwaka 1912 alifanya kazi katika jumba la makumbusho chini ya mtaalamu mkubwa, Marcellin Boule. Lakini hata wataalamu hudanganyika. Mahali paitwapo Piltdown, katika Uingereza, kulipatikana vipande vya fuvu, na watu wakasema ni vya mtu wa kale sana. Mwaka 1913 Padri Teilhard mwenyewe aliokota jino pale. Kumbe, palikuwa na mdanganyifu aliyezika fuvu la mtu pamoja na taya la orangutani, akavitia rangi vionekane vya zamani! Udanganyifu huo ulifichuliwa mwaka 1953, miaka 40 baadaye. Waliofichua si adui wa elimu, bali wataalamu wenyewe waliopima tena mifupa ile. Ndiyo kanuni ya elimu ya viumbe: neno la leo hupimwa tena kesho.

4. Mbeba machela

Mwaka 1914 vita kuu vilianza, na mwisho wa mwaka huo Padri Teilhard aliitwa jeshini. Hakupewa bunduki, alipewa kazi ya kubeba majeruhi kwa machela. Aliwekwa katika kikosi cha askari wa Afrika ya Kaskazini, na wengi wao walikuwa Waislamu. Risasi zilipovuma, yeye alitambaa matopeni kuwatafuta waliojeruhiwa na waliokufa. Hakubagua Mkristo wala Mwislamu. Askari wale walimpenda, wakamheshimu kama mtu wa Mungu. Wakubwa walipotaka kumpandisha cheo, aliomba wamwache akae na askari wa kawaida. Alipewa nishani kwa ushujaa wake.

Vita vilimwachia majonzi, maana ndugu zake wawili waliuawa. Lakini katika mahandaki yale alianza kuandika mawazo yaliyomjaa moyoni. Aliona kwamba Mungu hakuumba dunia siku moja akaiacha kama fundi aliyemaliza kiti. Mungu anaumba hata sasa, na viumbe vyote vinapanda polepole kuelekea kwa Yesu Kristu, aliye mwanzo na mwisho. Kwa hiyo, kwake yeye, mageuzi ya viumbe hayakuwa adui wa imani. Yalikuwa njia ambayo Mungu mwenyewe aliichagua.

5. Karatasi zilizofika Roma

Baada ya vita alipata shahada ya udaktari mwaka 1922, akafundisha elimu ya mawe na ardhi katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Paris. Wanafunzi walimpenda. Mwaka 1923 alikwenda China kumsaidia Mjesuiti mwenziwe, Padri Émile Licent, aliyekuwa akikusanya mifupa na mawe. Walisafiri kwa nyumbu mpaka jangwa la Ordos, wakapata zana za mawe zilizotengenezwa na watu wa kale.

Huko jangwani ilitokea siku ambayo Padri Teilhard hakuwa na mkate wala divai ya Misa. Padri hawezi kutoa sadaka ya Misa pasipo vitu hivyo. Basi, jua lilipochomoza, alisali sala ndefu. Alimtolea Mungu kazi yote ya watu wa dunia siku ile iwe kama mkate, na mateso yao yote yawe kama divai. Sala hiyo aliiandika baadaye, na watu wengi wameisoma.

Aliporudi Ufaransa alikuta taabu inamngoja. Alikuwa ameandika kurasa chache juu ya dhambi ya asili, akijaribu kueleza jinsi mafundisho juu ya Adamu yanavyoweza kupatana na habari za mifupa ya kale. Hakuziandika kwa ajili ya watu wote. Lakini karatasi zile zilifika Roma, na wakubwa wakaona hatari. Kanisa lafundisha kwamba dhambi iliingia ulimwenguni kwa kosa la mtu wa kwanza, na kwamba kwa sababu hiyo watu wote wanamhitaji Mkombozi. Wakubwa waliogopa kwamba maneno ya Padri Teilhard yangeudhoofisha ukweli huo katika mioyo ya wanafunzi. Mwaka 1925 alitakiwa kutia sahihi kwamba ataacha kueneza mawazo hayo, na kuacha kufundisha Paris.

Rafiki zake wengine walimshauri atoke katika shirika. Alikuwa mtaalamu mwenye sifa. Angepata kazi popote. Yeye alifikiri na kusali kwa uchungu mwingi. Mwisho alitia sahihi, maana alikuwa ameweka nadhiri ya utii mbele ya Mungu. Hakusema kwamba mifupa inadanganya, wala hakusema kwamba Kanisa linadanganya. Alikubali kungoja. Mwaka 1926 akarudi China.

6. Fuvu la Zhoukoudian

Karibu na mji wa Beijing kuna kilima kiitwacho Zhoukoudian. Hapo wataalamu wa China na wa nchi nyingine walichimba pango la zamani, na Padri Teilhard alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kuchunguza matabaka na mifupa ya wanyama, ili ijulikane kila kitu ni cha wakati gani.

Tarehe 2 Desemba 1929, mtaalamu kijana wa China, Pei Wenzhong, alipata fuvu ndani ya pango. Lilikuwa fuvu la mtu wa zamani sana. Paji lake lilikuwa fupi, na mfupa wa juu ya macho ulikuwa mnene. Katika matabaka yale yale walipata zana za mawe. Leo wataalamu hukadiria kwamba watu wa pango lile waliishi muda wa miaka 700,000 hivi iliyopita. Bahati mbaya, mwaka 1941, wakati wa vita, mifupa hiyo ilipotea. Zimebaki sanamu zake tu, zilizotengenezwa kwa uangalifu kabla ya kupotea.

Jina la Padri Teilhard likajulikana ulimwenguni. Watu wasiomwamini Mungu walishangaa kuona kasisi ameshika fuvu la kale mkononi asubuhi, na jioni anasali breviari yake bila kuona hofu. Wengine walianza kufikiri upya juu ya imani waliyoidharau.

7. Afrika

Padri Teilhard alikuja pia upande wetu wa dunia. Mwisho wa mwaka 1928 alishuka pwani ya Obock, katika nchi iitwayo leo Jibuti, kisha akaingia Ethiopia mpaka karibu na Harar. Alipanda milima na kushuka mabonde, akachungua mawe na zana za watu wa kale. Alitamani kurudi Afrika, na mwaka 1947 alikuwa tayari kusafiri kwenda Afrika ya Kusini, lakini moyo wake ukashikwa na ugonjwa ghafula, akawa karibu kufa.

Alipata nafasi mwaka 1951, akiwa na miaka 70, na tena mwaka 1953. Katika Afrika ya Kusini mtaalamu Raymond Dart alikuwa amelitambua fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1924. Kiumbe huyo alikuwa na ubongo mdogo, lakini alitembea kwa miguu miwili. Wataalamu wengi wa Ulaya walimdharau Dart. Walifikiri kwamba mwanzo wa mtu ni lazima uwe Ulaya au Asia. Padri Teilhard aliyatembelea mapango, akatazama matabaka, akaona ushahidi. Ingawa yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi Asia zaidi ya miaka 20, alikiri kwamba mahali pa kutafuta mwanzo wa mtu ni Afrika.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba aliona vema. Mwaka 1959, huko Olduvai, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika katika nchi ambayo leo ni Tanzania, Mary Leakey alipata fuvu la miaka 1,750,000 hivi. Mwaka 1974, katika jangwa la Afar nchini Ethiopia, ilipatikana mifupa ya kiumbe mwanamke aliyeitwa Lucy, aliyeishi zamani ya miaka 3,200,000 hivi. Na katika Kongo yenyewe, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mafungu, kazi ya watu walioishi miaka 20,000 hivi iliyopita. Basi, mtoto wa Afrika anaposikia habari za mwanzo wa watu, hasikii habari za nchi ya wengine.

8. Mlango uliofungwa

Wakati wa vita kuu vya pili Padri Teilhard alizuiwa Beijing, asiweze kutoka. Huko aliandika kitabu chake kikubwa, Le Phénomène humain, juu ya mahali pa mtu katika viumbe vyote. Alikipeleka Roma kuomba ruhusa ya kukipiga chapa. Ruhusa haikutolewa. Alisahihisha, akaongeza, akaomba tena.

Mwaka 1948 alikwenda Roma mwenyewe, kuonana na mkubwa wa Wajesuiti wote, Padri Jean-Baptiste Janssens, mtu wa Ubelgiji. Aliomba mambo mawili: kutoa kitabu chake, na kupokea kiti cha ualimu alichotaka kupewa katika Collège de France, mahali pa heshima kuu. Akangoja. Jibu lilikuwa kwamba yote mawili hayakubaliwi. Akaondoka bila kitu, akitii tena.

Mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pius XII alitoa barua kwa Kanisa lote juu ya mambo haya. Alieleza kwamba wataalamu wanaweza kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika kiumbe hai cha zamani. Lakini roho ya mtu haitoki katika mnyama. Kila roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Tena aliwaonya wasiharakishe kusema kwamba watu wa kwanza hawakuwa wazazi wamoja, kwa sababu ya mafundisho ya dhambi ya asili. Hivyo mlango haukufungwa wote, wala haukufunguliwa wote.

Oktoba 1951, akiwa Cape Town, Padri Teilhard alimwandikia mkubwa wake barua. Alimweleza wazi kwamba hawezi kuacha kuona anayoyaona, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa uongo. Lakini alimhakikishia kwamba anabaki mwana wa Kanisa na wa shirika lake. Neno hili si jepesi. Ni rahisi kutii kama huna wazo lako. Ni rahisi pia kushika wazo lako kama humtii mtu. Yeye alibeba vyote viwili, na mzigo huo ulimchosha.

9. Siku ya Pasaka

Wakubwa hawakutaka akae Paris, basi miaka yake ya mwisho alikaa New York, katika Marekani, akifanya kazi ya kusaidia uchunguzi wa mifupa ya Afrika. Aliwahi kuwaambia rafiki kwamba angependa kufa siku ya Ufufuko. Tarehe 10 Aprili 1955 ilikuwa Dominika ya Pasaka. Alikwenda Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, na jioni alikuwa kwa rafiki zake. Ghafula akaanguka, akafa. Watu wachache tu walihudhuria maziko yake.

Kabla ya kufa alikuwa amemkabidhi katibu wake, Jeanne Mortier, maandiko yake yote. Mwaka ule ule wa 1955 kitabu kikubwa kikapigwa chapa, na vingine vikafuata. Watu wengi katika nchi nyingi walivisoma. Ndipo mwaka 1962 Roma ikatoa onyo kwamba katika vitabu hivyo kuna mambo yasiyo wazi na makosa makubwa ya mafundisho, na kwamba walimu wawalinde vijana. Onyo hilo halijaondolewa.

Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wataalamu kwamba elimu ya mageuzi ya viumbe sasa si dhana tu, kwa maana ushahidi wa namna nyingi umekutana. Alirudia pia kwamba roho ya mtu yatoka kwa Mungu. Mwaka 2009 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtaja Padri Teilhard kwa wema alipohubiri juu ya ulimwengu kuwa sadaka kwa Mungu. Na mwaka 2023 Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa Mongolia, aliikumbuka sala ile ya jangwani iliyosaliwa miaka 100 nyuma.

Si kila neno aliloandika Padri Teilhard limekubaliwa. Wataalamu wa viumbe wengine husema alichanganya elimu yao na mashairi, na wateolojia wengine husema hakueleza vema habari ya dhambi. Lakini wote hukubali mambo mawili. La kwanza, hakuogopa ukweli wowote, kwa sababu aliamini kwamba Mungu wa Misa na Mungu wa mawe ni Mungu mmoja. La pili, hakuvunja ahadi yake, hata ilipomgharimu kazi, heshima na nchi yake.

Mtoto aliyelia kwa ajili ya kutu ya chuma alikuwa akitafuta kitu kisichoharibika. Alikitafuta katika chuma, akakikosa. Alikitafuta katika mawe, akaona kwamba hata mawe huvunjika na milima huzimika. Alikipata kwa Kristu mfufuka, na siku ya ufufuko ndiyo siku aliyoitwa.

Maswali

1. Kwa nini Pierre alilia alipoona kutu juu ya chuma chake?
2. Meno ya papa yaliyookotwa jangwani yalifundisha nini?
3. Katika ukingo wa mto, tabaka gani ni la zamani zaidi? Eleza sababu.
4. Ni kweli kwamba nyani wa leo ni babu wa mtu? Wataalamu husema nini?
5. Baba Mtakatifu Pius XII alifundisha nini juu ya mwili na roho ya mtu?
6. Padri Teilhard angaliweza kutoka katika shirika lake. Kwa nini hakutoka?
7. Nenda mtoni pamoja na wenzako, mtazame ukingo. Hesabuni matabaka, mwandike rangi ya kila moja.